PIKIPIKI KUVAA MATAMVUA: KOSA LIKO WAPI?

Katika mdahalo wa muhula uliopita, hoja iliyoletwa mbele ya Chama chetu cha Kiswahili ilikuwa hii: boda boda zilizopambwa zisiruhusiwe kusimama langoni mwa shule. Waliounga mkono walishinda, tena kwa makofi. Mimi nilikuwa msemaji wa tatu upande wa kupinga, na kengele ikanilia nikiwa ndio kwanza nimekohoa. Mhariri amenipa kurasa hizi nimalizie, na leo hakuna kengele.

Kwanza tuelewane ni kitu gani kinachoshtakiwa. Pikipiki ikitoka dukani, iwe Boxer au TVS, huwa kitu cha kawaida tu: tangi, kiti cheusi, taa, basi. Mpe mwenyewe wiki mbili uone. Kiti kitakuwa kimevishwa kava jipya la rangi mbili, na kandokando ya kiti yananing'inia matamvua ya ngozi, kila ukanda upana wa kidole, ambayo pikipiki ikishika kasi hupeperuka kama manyoya ya simba. Kwenye usukani kuna vifuko vya kukinga mikono na baridi ya alfajiri, navyo vina matamvua yake. Vioo vya pembeni vina vishada. Tangi limevishwa koti. Nyuma ya madigadi kumeongezwa kipande cha mpira kinachokaribia kufagia lami, kimeandikwa "Baraka za Mama" au "Kazi ni Kazi". Ukiongeza bendera, maua ya plastiki na vitaa vya kijani na buluu, hiyo sasa si pikipiki tena, ni bwana harusi.

Neno tamvua nimelitumia kwa makusudi. Ndilo jina la zile nyuzi zinazoachwa zikining'inia kwenye ncha ya nguo. Pale steji hawalijui. Wao husema "kamba" au "nywele". Sina ugomvi nao, lakini neno letu lipo, limekaa tu kabatini, na kama kuna kitu cha kulitoa kabatini ni hiki.

Tena si ngozi tupu. Nilimuuliza mzee anayeshona viti pale sokoni, akacheka. Nyingi ya tunazoziita ngozi ni reksini. Ngozi halisi ya ng'ombe, akaniambia, ikinyeshewa hunywa maji, na ikikauka hukakamaa na kupasuka kama haikupakwa mafuta. Mwenye boda hana wakati wa kupaka kiti mafuta kila jioni. Reksini hainywi maji, ila jua nalo huimaliza polepole, na ikiegemea eksozi ya moto huyeyuka na kutoa harufu ambayo hutaisahau. Ndiyo maana yeye mwenyewe hukata matamvua ya upande wa eksozi yawe mafupi kuliko ya upande wa pili. Mteja akilalamika kuwa kiti kimeenda upande, humwambia achague kati ya urembo na moto.

Sasa turudi kwa mashtaka. Shtaka la kwanza lilikuwa kwamba huu ni ulimbukeni, yaani kuiga Wazungu kibubusa. Aliyelisema alishangiliwa sana. Hebu tulitazame.

Ni kweli kwamba Marekani wapo waendesha pikipiki wanaofunga matamvua ya ngozi kwenye ncha za breki na klachi, na kwenye mikoba inayoning'inia kando ya gurudumu la nyuma. Hasa ni wenye Harley-Davidson, pikipiki ambayo kampuni yake ilianzishwa Milwaukee mwaka wa 1903. Filamu iitwayo Easy Rider ya mwaka wa 1969 iliueneza mtindo huo: mmoja wa waigizaji wake wakuu, Dennis Hopper, anaonekana juu ya pikipiki akiwa na koti la ngozi lenye matamvua. Lakini koti hilo Wazungu nao walilitoa wapi? Mavazi ya ngozi yenye matamvua yalikuwa ya wenyeji asilia wa nyika za Marekani, waliokuwa wakiyashona karne nyingi kabla ya injini kuvumbuliwa. Na zile pikipiki za ajabu za katika filamu hiyo, zenye uma mrefu wa mbele, ziliundwa na Wamarekani weusi, Clifford Vaughs na Ben Hardy, ambao majina yao hayakuandikwa kwenye filamu yenyewe. Basi anayesema kijana wa steji ameiga Mzungu, aseme pia Mzungu aliiga nani.

Isitoshe, sisi wenyewe tulianza zamani. Boda boda yenyewe ilizaliwa kwenye mpaka wetu na Uganda, kule Busia, katika miaka ya sitini, watu walipobebwa kwa baiskeli kutoka kituo cha forodha cha upande mmoja hadi cha upande wa pili. Waulize wazazi wenu kuhusu zile baiskeli nzito tulizoziita Black Mamba. Kiti cha abiria kilishonewa mto wenye vishada, mikono ya usukani ikafungwa nyuzi za plastiki, na madigadi ikawekewa mpira wenye picha au maneno. Pikipiki zilipomiminika nchini, hasa baada ya serikali kuondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo zisizozidi cc 250 mwaka wa 2008, urembo uliteremka kwenye baiskeli na kupanda kwenye pikipiki. Mwenyewe ni yule yule, ila hapigi tena pedali.

Na ukienda pwani utakuta habari kongwe zaidi. Mitepe ya Lamu, vile vyombo vilivyoshonwa kwa kamba pasi na msumari, ilichorwa macho kwenye omo. Macho hayo hayakusukuma chombo wala hayakuzuia maji kuingia. Lakini baharia aliyekichora chombo chake macho alikuwa anasema kwamba chombo hiki si ubao tu, ni mwenzangu. Leso za mama zetu zina jina chini, na hakuna anayeuliza jina hilo linaongeza joto kiasi gani. Iweje basi kijana akiandika jina kwenye mpira wa madigadi aitwe mhuni?

Hapo ndipo penyewe. Neno hilo "mhuni" ndilo lililonikera siku ile.

Shtaka la pili, lililotolewa na dada mmoja wa Kidato cha Nne ambaye namheshimu, lilikuwa kwamba boda yenye matamvua ni mtego wa kunasia wasichana wa shule. Ati dereva mwenye urembo mwingi ndiye mwenye nia mbaya, na ukitaka kumjua tazama kiti chake. Akatupa na methali: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ukumbi ukatingika kwa vifijo.

Mimi ni msichana, na hatari anayoizungumzia naijua. Tunaijua sote. Wapo wasichana walioacha shule kwa sababu ya lifti za bure, na si jambo la kufanyia mzaha. Lakini ndiyo maana nasema dawa hii ni mbovu. Ukimfundisha msichana wa Kidato cha Kwanza kwamba mbaya hutambulikana kwa matamvua, umemfundisha pia kwamba asiye na matamvua ni mwema. Kesho atakuja jamaa na pikipiki isiyo na hata kibandiko, kiti cheusi cha kiwandani, sauti ya upole, "njoo dada, nitakupeleka bila pesa, ni njia moja tu." Huyo naye tumwite nani? Dalili ya hatari si kiti. Dalili ni ile "bila pesa". Dalili ni kuuliza namba ya simu kabla ya kuuliza unakokwenda, na kukata kona kuingia njia isiyo ya nyumbani. Hayo ndiyo tungefundishana kwenye ukumbi badala ya kupigia kura vishada.

Tena ninakwenda mbali zaidi. Pikipiki iliyopambwa ni rahisi kukumbukwa. Nchini mwetu barabara zimejaa Boxer nyeusi na nyekundu zinazofanana kama mapacha, na namba zote zinaanza na KM. Nani akiwa na hofu atazikariri herufi na tarakimu zinazofuata? Lakini kila mtu anaikumbuka ile yenye matamvua meupe na maandishi "Usinionee Wivu". Mwenye nia ya kutenda uovu hangejitangaza hivyo. Sisemi kwamba aliyepamba ni malaika. La hasha! Nasema tu kwamba amechagua kuonekana, na katika kazi ya kubeba watu hilo si dogo.

Wale wanaodhani marufuku ndiyo tiba wakumbuke matatu. Februari 2004, sheria zilizopewa jina la waziri John Michuki zilipoanza kutumika, matatu zote zilitakiwa kuwa na mstari wa manjano, na michoro ikafutwa. Katika sheria hizo hizo kulikuwa na mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo, visizidi kilomita 80 kwa saa. Leo michoro imerudi, tena kwa fujo. Mikanda je? Panda matatu uvute mkanda uone kama una kifungo. Tulipewa mambo ya maana na mambo ya rangi katika karatasi moja, na nguvu nyingi zikaishia kwenye rangi. Sipendi tufanye hivyo tena pale langoni.

Haya, mpaka hapa jamaa wa steji wananipigia makofi. Sasa nitakosana nao.

Kuna mapambo ambayo ningeyakata leo kwa mkasi wangu mwenyewe. Septemba 1927, katika mji wa Nice nchini Ufaransa, mcheza ngoma mashuhuri wa Marekani, Isadora Duncan, alipanda gari la wazi akiwa amejifunga skafu ndefu ya hariri shingoni. Gari lilipoondoka, skafu ilinaswa na gurudumu la nyuma, na akafa papo hapo. Kitu laini kama hariri! Gurudumu halijui laini wala gumu, likishika, linazungusha.

Wahindi, ambao ndio watengenezaji wa pikipiki nyingi za boda boda tunazopanda, walilitambua hilo kwa sababu ya sari za wanawake wao. Kanuni za magari za India za mwaka wa 1989, kanuni ya 123, zinataka kila pikipiki ya kubeba abiria iwe na kinga inayofunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma ili nguo isinaswe. Sisi huku tuna leso, mashuka, buibui, na sketi za shule zenye marinda. Na bado nimeona kwa macho yangu pikipiki ambazo kinga hiyo imeng'olewa ili kupisha kipande cha chuma cha kubebea mizigo, kisha mahali pale pale pakaning'inizwa matamvua. Yaani kinga imetolewa na kinachonasika kimewekwa. Huo si urembo, huo ni wazimu.

Kwa hiyo swali langu kwa kila pambo ni moja tu, na halihusu kupendeza: je, linaweza kufikia kinachozunguka, kinachomulika au kinachoshikwa? Kinachozunguka ni gurudumu na mnyororo. Hapo kipimo ni rahisi, hata fundi wa sokoni alikikubali. Waketishe watu wawili kwenye kiti, kwa maana kiti kikiwa kitupu kiko juu na springi hazijashuka. Kisha shika ukanda mrefu kuliko yote, uvute mbele, uvute nyuma, uvute ndani. Ukifika kwenye spoksi au kwenye mnyororo, ni mrefu mno, kata. Usipime pikipiki ikiwa imesimama tu na matamvua yametulia kama pazia la sitirishe, maana upepo hautulii hivyo. Na matamvua yashonwe kwa uzi unaokatika. Huu uzi mgumu wa nailoni ambao mafundi huusifia ndio mbaya, kwa kuwa ukanda ukinaswa ni heri ung'oke wenyewe kuliko kuvuta kiti na aliye juu yake.

Kinachomulika ni taa ya nyuma na indiketa. Nimefuata boda jioni nikiwa ndani ya gari la mjomba, na tusingejua kwamba ipo kama si maandishi meupe ya kwenye mpira. Taa ilikuwa inawaka vizuri kabisa, imefunikwa na pazia la reksini. Vitaa vya buluu vilivyozungushiwa namba havikusaidia kitu, kwa sababu havimwambii aliye nyuma kama huyu anasimama au anakata kona. Kwa hakika ningependa mafundi wetu wawe wajanja zaidi. Wapo wanaouza utepe unaoakisi mwanga, ule ule wa kwenye majaketi ya njano. Ukikatwa vipande na kushonwa kwenye ncha za matamvua, pikipiki ingewaka kama mti wa Krismasi kila taa ya lori inapoipiga. Hapo urembo ungekuwa unafanya kazi.

Na kinachoshikwa ni breki, klachi na mkono wa mafuta. Matamvua marefu ya kwenye ncha za breki yanafaa Mmarekani anayekwenda kilomita mia mbili barabara imenyooka, vidole vimetulia. Dereva wetu hushika breki kila mara: kuna shimo, kuna mbuzi, kuna bampu isiyo na rangi, kuna mama amepunga mkono. Ukanda ukijizungusha kidoleni wakati wa shimo la pili, hakuna wakati wa kuufungua. Hapo sioni mjadala. Usukani ubaki mtupu, ila vile vifuko vya baridi, navyo viwe vipana.

Lipo jingine ambalo jamaa hawapendi niliguse. Kanuni za mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, za mwaka wa 2015 zinamtaka mwenye boda abebe abiria mmoja tu, na awe na helmeti na jaketi la kuakisi mwanga kwa ajili ya abiria huyo. Mara ngapi umepanda boda yenye kava la kiti lililoshonwa upya, matamvua pande nne, redio inaimba, halafu ukiuliza helmeti ya abiria unaambiwa "tunaenda hapa tu"? Pesa za kumvisha pikipiki zipo, za kumvisha binadamu hazipo. Hii ndiyo hoja ambayo upande ulioshinda ungeitumia, na laiti wangeitumia ningeshindwa vibaya zaidi. Ningewaambia walinzi wa lango hivi: asiye na helmeti ya pili asibebe mwanafunzi, hata kama pikipiki yake ni safi kama ya askari. Mwenye helmeti ya pili, taa inayoonekana na kiti kilichopimwa, mwacheni na manyoya yake ya simba.

Kuna mwalimu aliyeniuliza baada ya mdahalo kwa nini ninajisumbua na jambo dogo kama hili. Kwa heshima, Mwalimu, si dogo. Vijana wengi wa rika la kaka zetu wamemaliza shule, wakakosa kazi, na kiti kile ndicho ofisi yao. Anaamka saa kumi na moja asubuhi, analala saa nne usiku, na wengine pikipiki si yao, wanapeleka hesabu kwa mwenyewe kila jioni. Mahali pekee ambapo mtu kama huyo anaweza kuandika kwamba yeye ni nani ni kwenye reksini. Wenye ofisi za ghorofani wana vibao vya majina mlangoni na hatuwaiti wahuni. Pia kuna fundi, ambaye ameajiri vijana wawili kukata tepe hizo, na kuna anayechora herufi. Ukipiga marufuku unawafungia hao pia, na gurudumu litabaki bila kinga vile vile.

Na hapo kwa mchora herufi ndipo Chama chetu kingeweza kuwa na faida, badala ya kukaa ukumbini na kupitisha hoja. Maandishi mengi pale nje yamekosewa. Kuna "Mungu ni Mwemma", kuna "Mvumilivu Ula Mbivu", na kuna moja ambalo hata Mwalimu wa sarufi alisimama akalitazama kwa muda mrefu, kisha akaendelea na safari. Nimezungumza na yule mzee wa viti. Amesema tukimpelekea maandishi yaliyosahihishwa kwenye daftari, atampa mchoraji wake anakili, bora tusimletee sentensi ndefu, kwa kuwa kipande cha mpira ni upana wa sahani. Ningependa wanachama wawili watatu tuandamane naye Jumamosi ya wiki ya kwanza ya muhula ujao, baada ya usafi. Mkija, njooni na vibeti vyenu vya hisabati, kwa sababu nimemwomba pia atuache tupime matamvua ya pikipiki zitakazokuwa pale siku hiyo, huku wawili wetu wakiwa wameketi juu.